Neno Lililokosa Nafasi

Chumba cha Nyuma,
Duka la Rangi,
S.L.P. 318.
9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za kazini. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza anayo yote. Mimi naendelea na vibao vyangu. Macho yamepungua, mkono bado upo.

Katika barua yako ya mwisho umeniuliza tena lile swali. Kwa nini mwanao alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye geti la ofisi ya wale watu wa kuzuia dawa za kulevya, na kete ya unga mfukoni, kama aliyetumwa? Miaka minne aliyokaa gerezani nimekuwa nikikujibu habari za mvua. Leo nakujibu. Nilimtuma mimi.

Usiikunje barua kwanza, Dada. Acha nianze mbali.

Unajua kwamba vibao vyote vya ofisi ile nimeandika mimi. Cha kwanza nilikiandika ningali na nywele. Vilikuwa vyumba viwili tu vya kupanga, askari watatu, na muuguzi mmoja mcheshi aliyenifunga kidole siku niliyojikata na bati. Kibao kilisomeka: Kitengo cha Kuzuia Dawa za Kulevya na Tiba. Wagonjwa waliingia mlango wa kushoto, wahalifu wa kulia, na wengine walipitia yote miwili ndani ya wiki moja.

Baadaye wakapandishwa hadhi, wakawa Kikosi. Mkuu mpya alitaka herufi zisomeke kutoka barabarani. Nikachora herufi nono, nikizifurahia mwenyewe, mpaka nilipofika kwenye "Kulevya" nikaona bati limekwisha. "Na Tiba" imebaki nje. Fundi mzima! Mgeni rasmi alikuwa njiani na rangi bado mbichi. Mkuu akatazama saa yake, akasema, "Acha hivyohivyo, fundi. Watu wataelewa."

Watu hawakuelewa. Karani alichongesha mhuri kwa kufuata kibao. Mwaka uliofuata akaja mkuu mwingine, akauliza huyu muuguzi ni wa nini, mbona kwenye kibao hayumo. Wakamhamisha, na chumba chake kikawa mahabusu. Walipogeuka kuwa Mamlaka, nilinakili jina kutoka kibao cha zamani, nikaenda zangu.

Sijidanganyi kwamba serikali nzima iliendeshwa na brashi yangu. Huenda wangemhamisha hata kama ningeandika tiba kwa dhahabu. Lakini linaniuma.

Gharama ya ofisi ile watu huipima kwa ukuta mrefu na magari, ambayo siku hizi yamefika tisa. Mimi hutazama benchi la nje ya geti, wanapokaa akina mama wakisubiri kuwaona watoto wao. Limelika katikati, na halijabadilishwa tangu enzi za Kitengo. Wala sisemi askari nao hawakuumia. Dereva wao mmoja alipigwa risasi wakiwafukuza wauzaji wakubwa, na mkewe nilimkuta amekaa kwenye benchi lilelile, akisubiri karatasi za marehemu.

Basi, mwanao, Profesa wetu (jina hilo hatuliachi, na ile miwani yake ya tangu utotoni) alikuja kwangu akitetemeka. "Mjomba, nimechoka nalo hili. Nataka kuacha. Niende wapi?" Nikamjibu bila kufikiri: nenda pale, kuna muuguzi. Kichwani mwangu kibao kilikuwa bado ni kile cha kwanza. Nikamwambia abebe na ile kete amwonyeshe anachotumia, kama mtu anavyobeba pakiti ya vidonge kwa daktari. Getini wakampekua. Hakunitaja, hata mahakamani. Nisamehe, Dada. Yeye alinisamehe siku ileile alipotoka, na aibu ikanizidi.

Alitoka miezi miwili iliyopita, na gereza halikumponya, maana huko nako unga unapenya. Wiki tatu nyuma wale watu wakaniita. Sheria imebadilika, jina limebadilika: Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya na Tiba. Kabla sijafungua kopo la rangi niliomba kuingia ndani nionyeshwe hiyo tiba. Wauguzi wapo wawili, chumba kilekile cha kushoto. Ndipo nikapiga mistari, nikaanza na neno la mwisho. Niliandika TIBA kwanza, pembeni kabisa, halafu nikarudi nyuma neno kwa neno mpaka "Mamlaka". Askari wa zamu alidhani nimelewa.

Jumatatu nikaenda na Profesa. Alisimama mbele ya geti muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mjomba, hili neno limo kweli, au umeliandika tu?"

Nikamwambia nimeshaingia kuangalia. Akaitoa nje mifuko yake yote miwili, mitupu, akaingia hivyo, mifuko inaning'inia. Mimi nilikaa kwenye benchi la akina mama, kwa niaba yako, kwa muda wa saa mbili na nusu. Alitoka na kadi ya tiba mkononi, mifuko bado iko nje. Nililia, Dada, na anayekaa kwenye benchi lile haulizwi kwa nini analia.

Msalimie sana shemeji, na yule binti yako wa mwisho ambaye picha yake wifi yako ameibandika jikoni. Mungu akutunze huko uliko na akurudishie usingizi wako wa zamani. Karatasi inaisha, lakini safari hii nimepima. Nafasi niliyoiacha hapa chini si yangu.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Fundi Vibao.

Shikamoo Mama. Ni mimi. Naandika kwa herufi ndogo ili nienee. Kesho naenda tena.