Salamu Niliyomnyima Mwenyekiti

Kibondo,
Oktoba 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za ofisi ya misitu, wenzangu wamekwenda kula, na mvua ya kwanza ya msimu inapiga bati. Mwili wangu ni mzima. Nijulishe wewe: kile kifua kimetulia, au baridi ya Munanila bado inakukohoza alfajiri? Maharage yameingia ardhini? Kaka Festo ameniambia umeacha kulima kule bondeni kwa ajili ya goti. Usione haya kumwita mtu akusaidie. Shamba halijui nani amelilima.

Barua yako aliniletea yeye mwenyewe alipokuja huku na magunia yake. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Umeandika: "Nimesikia umemnyima salamu mzee wa watu, mwenyekiti wako. Salamu si mali yako, Jenerosa. Ni ya Mungu, wewe umepewa uipitishe tu. Mwitikie." Mama, sijawahi kukukatalia neno. Ila Kaka Festo amekupa habari kwa ufupi, kama kawaida yake, na mtu akisikia kwa ufupi ataniona mimi ndiye mkorofi. Nisikilize, kisha unihukumu.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu ule uwanja ulio mbele ya nyumba ninayopanga, kwa Mama Zaituni. Nilipohamia ulikuwa jalala. Watoto walicheza katikati ya chupa zilizovunjika. Niliomba kwenye mkutano wa kitongoji nipewe niupande miti, na Mwenyekiti Filbert mwenyewe alisimama akasema, "Bibi Miti apewe. Nani ana neno?" Hakuna aliyekuwa na neno. Tukapanda mijohoro. Wanawake wa pale waliimwagilia kiangazi kizima, na kiangazi kilichofuata, kwa maji waliyooshea vyombo. Kila mmoja alitoka na beseni lake jioni, akamwaga kwenye shina alilolichagua. Hakuna aliyewaamuru. Mwaka huu mijohoro ilianza kutoa kivuli. Mama Zaituni alihamishia pale meza yake ya vitumbua, wazee wakitoka msikitini walikaa kidogo kabla ya kwenda dukani, na wasichana walicheza rede bila kukatwa miguu. Mimi nilikuwa nikirudi kazini napita katikati yake polepole. Unajua sina marafiki wengi. Ule uwanja ulinitosha.

Sasa sikiliza. Tangu makambi ya wakimbizi yafunguliwe, malori ya unga na maharage hayakauki Kibondo, na madereva wanataka pa kulala. Mzee Filbert amejenga nyumba ya wageni inayotazama uwanja wetu. Mwaka huu shirika moja la wageni likakiahidi kitongoji fedha za mazingira, kwa sababu misitu imekwisha kwa kuni. Zilikuwa za mitaro, njia za miguu, mabenchi na miti. Kamati ikakutana kuamua matumizi yake. Ikakutana Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa misani, humo humo kwenye nyumba yake ya wageni. Ikaamua uwanja uwe maegesho ya malori na fedha zinunue kifusi cha kumwaga pale. Mimi sikuwa misani wala mjini. Nilikuwa Kasanda kukagua vitalu vya miche.

Niliporudi, mijohoro ilikuwa imelala chini, mizizi juu. Hawakuikata, Mama, waliing'oa kwa lori na mnyororo. Kwenye mizizi udongo ulikuwa bado mbichi, maana wanawake walikuwa wamemwagilia jana yake. Mzee Filbert alikuwa amesimama na mautingo wawili. Akaniona, akanyoosha mikono yote miwili, akanisalimu kwa Kiha chetu.

"Mwakeye, Bibi Miti! Mbona umesimama kama mjohoro? Angalia usije ukang'olewa nawe!"

Mautingo wakacheka. Mimi nilifungua mdomo nimwitikie. Nakuapia, Mama, nilikuwa nataka kuitikia, maana ndivyo ulivyonilea. Sauti haikutoka.

"Binti, nakusalimu."

Haikutoka.

Akapunguza sauti, cheko likamwisha usoni. "Basi nuna. Wewe ni mpangaji. Mpangaji ana chumba, hana mtaa."

Akaondoka. Nami nikabaki pale nikitambua kitu. Alikuwa ameng'oa miti mchana kweupe mbele ya watu bila kutetereka. Lakini salamu yake ilipobaki hewani, shingo yake ilicheza kama ya mtu aliyepigwa kibao. Wewe unajua kwetu ilivyo. Mdogo anainama, anapiga makofi taratibu, mnaulizana nyumba, watoto, ng'ombe, na mpaka hilo liishe hakuna neno jingine linaloingia. Hata mtu akija kukuambia paa lako linawaka, atasalimu kwanza. Asiyeitikiwa hajafika. Amesimama mbele yako, lakini hajafika.

Mama Zaituni alikuwa ameona yote kutoka mezani kwake. Aliniita.

"We Jenerosa. Hukumwitikia?"

"Sikumwitikia."

"Kwa kusudi?"

"Mwanzo hapana. Sasa ndiyo."

Akanitazama, akapangusa mikono kwenye khanga. "Sisi watu wa Ujiji tunajua kutukana, mwanangu. Tunatukana mpaka mtu anahama. Lakini hili lenu la Kiha ni kiboko. Haya, na mimi nimepoteza ulimi."

Asubuhi yake Mwenyekiti akapita. "Mwakeye, Mama Zaituni! Vya moto hivyo?" Mama Zaituni akainua kitumbua kimoja, akakitazama huku na huku kana kwamba ndicho kilichosema, akakirudisha sahanini. Wanawake waliokuwa wakinunua wakaelewa. Hatukuitisha kikao. Nilichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba, kwa wale waliokuwa na shina lao pale uwanjani, nikawaambia, "Mimi simwitikii tena," nikaendelea na njia. Yaliyobaki kila mmoja aliyajaza mwenyewe.

Ilipofika mwisho wa wiki alikuwa anasalimu kwa kupaza sauti, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akafanya mzaha, akauliza kama tumeambukizana mafua ya masikio. Halafu akaanza kupita njia ya nyuma, ya choo cha soko. Mama, nilikuwa nasimama dirishani kumwona akichagua njia ile. Nilikuwa nachelewa kazini kwa ajili hiyo.

Lakini hukumu yenyewe ilikuja siku ya mkutano wa hadhara. Shirika lilikuwa limesema halitoi fedha mpaka wananchi wote waukubali uamuzi wa kamati, na likamtuma afisa wake, kijana mmoja wa Arusha mwenye mkoba. Tulijaa. Wanawake mbele, chini, kama inavyotakiwa. Mzee Filbert akasimama.

"Ndugu wananchi, mwakeye!"

Kimya.

"Kitongoji, oyee!"

Kimya. Mtoto mmoja alitaka kusema oyee, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Afisa akamwinamia. "Vipi, hawajui Kiswahili?"

"Wanajua."

"Basi endelea na ajenda, Mwenyekiti."

"Siwezi kuendelea. Mkutano haujafunguka."

"Unafunguliwa na nini?"

Afisa aliwatazama wazee wa kamati, nao walitazama viatu vyao, maana ni Waha na walijua. Mwenyekiti alisalimu tena, sauti ikiwa chini, kisha tena, na mara ya mwisho alinitazama mimi peke yangu. Nilimtazama machoni nikiwa nimefunga mdomo. Yule kijana akafunga mkoba akasema atarudi wananchi watakapokuwa tayari kuzungumza.

Nilifurahi, Mama. Sitaipamba. Nilirudi chumbani nikala ugali wa watu wawili. Niliposali jioni niliomba aendelee kuteseka, na sikuona aibu kuomba hivyo.

Umeuliza katika barua yako, "Mke wake amekosa nini?" Hilo ndilo lililonikaa. Mkewe, Mama Bukuru, mama wa mapacha, ni mwanamke mpole. Na sisi tulimnyima naye. Bombani alisalimu, akajibiwa na maji. Nilikuwepo. Niliona akitua ndoo, akipiga makofi kwa adabu yote, na mimi nikainua ndoo yangu nikaondoka. Mtu anayetaka kumfikia mume hupitia mke, ndivyo nilivyojiambia.

Siku moja nikiwa nachambua mchele mlangoni akaja. Akainama, akapiga makofi. Sikuitikia. Hakukaa, hakulia.

"Sikuja kujiombea wala kumwombea," akasema. "Unajua ule mjohoro wa pembeni, upande wa msikiti? Maji yake yalikuwa yangu. Siku ile ya mnyororo nilimwambia, ule uacheni. Akaniambia na wewe umekuwa mpangaji? Kwangu mwenyewe, Jenerosa, nyumba niliyozalia mapacha." Akapangusa midomo. "Nimekuja kukuambia kwamba leo asubuhi alinisalimu. Na mimi sijaitikia."

Akaenda zake. Mimi nikaumwaga mchele bila kujua, kuku wakaula.

Mwenyekiti hakuchukua hata wiki. Alikuja mchana, watu wakimwona, bila kofia. Mzee wa umri wa baba angekuwa nao leo, Mama, akainama mbele ya mlango wa mpangaji, akapiga makofi kama vijana wanavyowapigia wakubwa. "Mwakeye, Bibi Miti. Mwakeye." Kisha akasema bila kungoja, kwa kuwa alikwisha kujua hataitikiwa: malori yatahamia kule karibu na ghala, uwanja utarudi, fedha zitanunua miche na mitaro kama ilivyokusudiwa. "Unataka nini kingine, binti yangu?"

Nilimgeukia Mama Zaituni, aliyekuwa nami mlangoni, nikasema, "Mwambie aliyesimama mlangoni kwamba akayaseme hayo mkutanoni."

Mama Zaituni, mwenye mdomo wake wote, alisitasita. "Jenerosa, si anasikia?"

"Mwambie."

Akamwambia.

Na mkutanoni alisema. Alitangua uamuzi mbele ya yule kijana wa Arusha, akasema kamati ilikosea kukutana bila wananchi, na kwamba tangu sasa hakuna kikao cha Jumapili asubuhi. Halafu akasalimu. Watu walinigeukia mimi kwanza. Nikainamisha uso, nikachora ardhini kwa kijiti. Basi Mama Bukuru akaitikia, kwa sauti ndogo, na baada yake wote. Niliisikia ile salamu ikijibiwa na kitongoji kizima kama mvua inavyofika kutoka mbali. Niliwaachia. Walikuwa na haki ya kuchoka.

Mimi sikuitikia. Mpaka leo.

Utaniuliza nataka nini, maana nimepata kila kitu. Nimejiuliza pia. Najibu kwamba miche tuliyopanda juzi ina urefu wa kidole, na itachukua miaka kufika pale ile mingine ilipokuwa. Lakini nikiwa peke yangu najua jibu hilo nimelipamba. Kweli ni kwamba aliniambia sina mtaa, na mimi nataka kila asubuhi ya maisha yake katika mtaa huu imkumbushe kwamba ninao. Hicho ni kisasi, Mama. Najua jina lake. Kinanipasha moto kuliko shuka.

Na hapa ndipo pa kukuumiza. Uhamisho niliokuwa nauomba umekubaliwa. Kasulu, ofisi ya wilaya, karibu nawe kiasi cha kuja kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeulilia, wewe ni shahidi, na juzi bosi wangu ameniuliza nitafungasha lini. Nimemwambia siendi. Akanitazama kama mgonjwa. Nikienda, Mwenyekiti atapumua siku hiyo hiyo. Atasema yule mpangaji amehama kama nilivyosema. Siwezi kumpa hilo. Wanawake wamenipendekeza niingie kwenye kamati, kwa kuwa kuna kiti kimoja kilicho wazi, na nimekubali. Nitakaa naye meza moja. Tutapanga mitaro na njia na fedha za mwakani, na kila neno lake nitalijibu, isipokuwa la kwanza.

Nisamehe kwa goti lako na kwa bonde lisilolimwa. Nitatuma mtu wa kukulimia. Najua si sawa na mtoto.

Nisalimie Kaka Festo, umwambie akipita tena asilete habari nusu. Msalimie Shangazi Veronika, ambaye najua atasema nimerithi ukaidi kwake, na atasema kwa kujisifu. Wasalimie watoto wa Baba Mdogo wote, na yule katekista aliyenifundisha kusoma, umwambie namwombea macho yake. Mmoja mmoja, tafadhali, wala usiwajumlishe.

Asubuhi huwa namwagilia miche kabla ya kwenda kazini. Mzee Filbert ameacha njia ya nyuma, anapita pale pale katikati ya uwanja, na kila siku anasimama. Anasema "Mwakeye, mjumbe." Anangoja kidogo. Nami namwaga maji mpaka beseni liishe.

Ni mimi mwanao,
Jenerosa