Vitunguu vya Mohichehra

Tashkent, 14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila joto la huku linaoka watu.

Nimekutumia gunia la vitunguu kwa dereva wa basi. Ni vya maua, vile vinavyotoa mpira wa zambarau juu ya bua refu. Chumbani kwangu vitaoza. Naomba unihifadhie hadi vuli. Bwana Ravshan, msimamizi wa hospitali, amenipa bustani yao niipande; vikichanua, ananiajiri. Visipochanua, narudi kuuza nyanya na shangazi.

Binti yako,
Mohichehra

Boysun, 2 Agosti

Mohi mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, ulimi hauumi, kwa hiyo tuko salama. Vitunguu nimevihifadhi: nimevimenya, nikaviloweka kwenye maji ya chumvi nikiyabadilisha kila asubuhi, sasa vimetulia kwenye siki. Jirani yetu Saodat kamaliza bakuli zima kwa pilau. Hayo ya maua sikuyaelewa, lakini achari imekubali.

Mama yako

Tashkent, 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. U mzima? Mimi nimeishiwa nguvu. Nilimaanisha uviweke tu! Nimelia, kisha nikamsimulia Bwana Ravshan, akacheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akasema bila maua hakuna ajira. Kimesalia hata kimoja?

Binti yako

Boysun, 15 Agosti

Mwanangu,

Nyamaza, usilie. Kosa ni lako. Boysun nzima, ukimwambia mtu ahifadhi kitunguu cha namna hii, ambacho huku tunakila, anatafuta siki. Lakini vile vikubwa kama ngumi havikupita mdomo wa chupa. Viko chini ya kitanda changu, vikavu kabisa. Leo nampa dereva, na nimemwapisha asivionje.

Mama yako

Tashkent, 11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo sana. Vimechanua! Ni vichache, lakini vinanifika kifuani, na wagonjwa wanagombea dirisha. Nimeajiriwa, Mama. Bwana Ravshan anaomba chupa moja ya achari.

Binti yako mwenye kazi

Boysun, 16 Mei

Mohi wangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimemsomea Saodat, naye akaniuliza kitunguu cha kutazama tu kina faida gani. Nimemnunia tangu jana. Tarehe 24 napanda basi, na goti langu hivyo hivyo. Chupa ya bosi wako nimeifunga, na maua nitayaona, lakini usijidanganye kwamba ndiyo yanayonileta. Mwaka mzima sijakutia machoni, na nimechoka kukukumbuka. Uwahi kituoni.

Mama yako