Mnara wa Tangi na Sahihi Yangu

Nzuguni, Dodoma
Jumapili, mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ya Mama mpelekee mwenyewe kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishavaa miwani hunyanyuki tena. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeificha tena nyuma ya redio? Na kanisa la kigango mmefikia wapi, lenta mmeshafunga au bado mnasubiriana? Huko Mbinga najua sasa ni ukungu na baridi. Huku ni upepo na vumbi, midomo imenipasuka, ila mwili mzima.

Moyo ndio si mzima, Baba. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatisha kwa maswali, nami nitalia, halafu Mama atakunyang'anya simu. Soma yote ndipo ukasirike.

Kazi yangu hapa chuoni unaijua: nafundisha uhandisi wa ujenzi na kusimamia maabara ya zege. Mwanafunzi akitaka kujua zege lake lina nguvu kiasi gani, anamimina vipande vya mraba, tunaviita kyubu, anaviloweka majini siku ishirini na nane, kisha anaviweka kwenye mashine inayovibana mpaka vipasuke. Mashine inatoa namba. Wewe na ufundi wako wa uashi unagonga na kusikiliza, sisi tunangoja namba. Umenicheka mara ngapi kwa hilo!

Mwaka huu wanafunzi watano wa mwaka wa nne niliokuwa nawasimamia walipewa kazi ya kweli, si ya makaratasi tu: mnara wa tangi la maji kwa shule moja ya msingi upande wa Haneti. Nguzo nne za zege, slabu juu yake, na juu ya slabu tangi la plastiki la lita elfu kumi. Chini ya mnara ndipo yalipo mabomba, watoto watasimama hapo kukinga maji. Wanakijiji walijitolea mchanga wa korongoni kwao. Wanafunzi wakaupima, wakaandika ripoti ya kuchanganya zege, mimi nikasaini. Mnara ukajengwa. Maji yalikuwa yapandishwe jana Jumamosi, mbele ya wazazi na wageni.

Jumanne nilikuwa naandaa makabrasha ya mtahini wa nje, yule anayetoka chuo kingine kutukagua. Nikafungua daftari la mashine. Fundi wa maabara ana mwandiko mbaya huyo, lakini haachi siku hata moja. Nikaona mashine ilivuja mafuta ikalala wiki tatu. Nikatazama tarehe kwenye ripoti ya Haneti. Kyubu zao zilipasuliwa katikati ya wiki hizo hizo tatu! Nikazisoma tarehe mara ya pili, Baba. Mashine mbovu inatoaje namba?

Nilimwita Hosea, kiongozi wa kundi. Ni kijana wa hapa hapa, Mgogo, mpole, ana akili. Nikamsogezea daftari. Akalisoma, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, kyubu tulimimina kweli. Mashine ikafa. Na ripoti ilikuwa inatakiwa keshokutwa."

"Kwa hiyo?"

"Tukadesa."

Kudesa, Baba, ndiyo kunakili kazi ya waliotangulia. Desa moja huweza kurithiwa mwaka hata mwaka, kama shamba. Weee, nilimfokea yule kijana! Nilimwambia ni muuaji. Nilimwambia ningekuwa mama yake ningejifunika uso. Nikamwamuru alilete hilo desa nilione. Akalileta: kopi ya kopi, jalada limeng'oka, majina ya wenyewe yamefutwa.

Nikasoma namba tisa za kwenye jedwali. Ya sita ilikuwa ndogo kuliko zote.

Zilikuwa zangu. Nilizitunga mimi nilipokuwa mwaka wa tatu hapa hapa chuoni, nimekaa kantini na wenzangu wawili, maana hata wakati ule mashine ilikuwa inamsubiri fundi kutoka Dar. Mimi nataja, wao wanaandika. Ile ya sita niliishusha makusudi ili ionekane kweli, na walivyonisifu kwa ujanja huo! Tukapata alama nzuri. Namba zile hazikutoka kwenye mchanga wowote wa dunia hii, Baba. Zilitoka kichwani mwangu huku nakula chipsi.

Hosea alikuwa bado amesimama mbele yangu. Sikumwambia kwamba namba ni zangu. Nilimwambia tu atoke. Nakuungamia na hilo pia, kwamba nilimwacha aende kulala akijua mchafu ni yeye peke yake.

Kyubu zao zilikuwa bado majini. Jumatano, mashine ikiwa nzima, tukazipasua. Zege likikaa majini linazidi kukomaa, kwa hiyo zilitakiwa kuwa ngumu kuliko namba za ripoti. Ya kwanza ilipasuka nikiwa nadhani mashine ndiyo kwanza inaanza kubana. Ya pili vile vile. Hakuna hata moja iliyofika nusu ya nilichosaini. Hosea alinisogezea kalamu, nikaandika mwenyewe.

Alhamisi nikaenda kwa mkuu wa idara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Skola, mtahini anaondoka wiki ijayo. Mwache aondoke, kisha tutawaandikia barua."

"Jumamosi wanajaza maji, mkuu. Lita elfu kumi ni tani kumi. Na watoto wako chini."

"Umeupima mnara wenyewe, au umepima vikyubu?"

"Vikyubu ndivyo vilivyotakiwa vitueleze kabla ya mnara."

"Hivi mkataba wako unaisha lini?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayekuulizia wazazi.

Ijumaa alfajiri nikapanda basi la Haneti bila ruhusa ya mtu, nikamchukua Hosea. Njiani nikamweleza habari ya kantini, yote. Akageukia dirisha, akasema, "Sawa, mwalimu." Basi. Afadhali angenitukana.

Mwalimu mkuu wa shule aliwaita mwenyekiti wa kijiji, wazazi waliokuwa wanafagia uwanja kwa ajili ya sherehe, na fundi aliyeujenga mnara. Nikasema msijaze maji. Loo, paliwaka moto! Mama mmoja alisimama na ndoo yake mkononi, akasema kwa Kigogo huku akininyooshea kidole. Hosea akatafsiri bila kunitazama: "Anasema wanawe wanafuata maji kabla hakujapambazuka. Anasema ninyi wa chuo mnakuja na karatasi, mnaondoka na karatasi." Mwenyekiti akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna.

Ndipo fundi akaomba aseme. Anaitwa Mzee Ndahani. Ni wa umri wako, Baba, na mikono yake imeliwa na saruji kama yako.

"Mchanga huu mimi niliukataa," akasema. "Niliusugua kiganjani ukaniachia tope. Nikawaambia vijana tuuoshe, au tukachote kule juu. Wakanionyesha karatasi ina namba na sahihi ya chuo. Mimi ni darasa la saba. Nikanyamaza." Akanigeukia. "Ile sahihi ni ya nani?"

Nilikuona wewe, Baba. Haki ya Mungu nilikuona wewe umesimama pale na kofia yako mkononi, unanyamazishwa na karatasi ya mtoto wako. Nikasema sahihi ni yangu. Nikasema na namba ni zangu, nilizitunga nikiwa mwanafunzi, hazijapimwa popote. Hosea akatafsiri yote, hakuruka neno.

Mzee Ndahani aliinama, akaokota msumari. Alikwenda kwenye nguzo, akakwangua, unga ukamwagika mpaka miguuni pake. Watu wote waliona. Mwenyekiti akafunga koki ya kupandishia maji kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Yule mama akachukua ndoo yake akaondoka. Hakuna aliyenishukuru, na sikustahili. Mnara utabomolewa, na watoto wa pale bado wanatembea na ndoo. Hilo ni langu.

Kesho saa tatu asubuhi naitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Hosea na wenzake wanaweza kudisko, yaani kufukuzwa, wakiwa wamebakiza mwezi mmoja. Mimi kazi sidhani kama ninayo. Leo mkuu wa idara amenipigia simu, akanishauri niseme "palitokea mapungufu ya kiutaratibu." Ni maneno laini, Baba, na yananivuta, nisikufiche. Naogopa. Usiniombee nibaki kazini. Niombee nisije nikayatamka hayo maneno. Niombee niseme nilidanganya, na kwamba wale vijana kudanganya nimewarithisha mimi.

Msalimie sana Mama. Msomee mpaka kwenye habari za basi tu, mengine nitamwambia mwenyewe. Msalimie shangazi muuza vitumbua, na katekista, na mjomba wetu mwenye mashine ya kukoboa kahawa. Babu mwambie ugoro wake nimeshaununua, utamfikia nikija, iwe kwa likizo au kwa kufukuzwa.

Na Felista, mdogo wangu, bado yuko hapo nyumbani au ameshafungua chuo? Krismasi nilimpa faili langu la maabara limsaidie kwenye diploma yake ya ujenzi. Alinikumbatia kwa furaha. Zile namba zimo humo, Baba. Kama anakula, usimngoje amalize. Mnyang'anye sasa hivi, na umuulize ameshawatolea wenzake kopi ngapi.

Mwanao,
Skola