Siku Wamama wa Kamba Walipotua Mizigo

Yaya Zaina,

Asalam aleikum, dada yangu mukubwa, wewe na wote wa hapo Kindu. Magoti ya mama yetu inaendelea aje? Anapata usingizi, ao bado anahesabia maumivu kila jirani anayepita? Mimi niko muzima kabisa, nimenona kidogo, na sura imezidi kupendeza. Hapa Ndosho, mutaa wetu wa Goma, mashahidi ni wengi. Habari za bunduki usikilize kwa radio. Mimi nakuandikia yenye radio haijui.

Kazi yangu unaijua: chukudu, ile kinga, baisikeli ya mbao isiyo na pedali wala motere. Goti moja juu, muguu mwingine unasukuma, na kwenye muteremuko unajiombea kwa Mungu. Nimetembea, yaya: Bukavu, Bunagana, hata Kampala (nililala tu stesheni ya basi, lakini Kampala ni Kampala), sijaona chombo cha kuishinda.

Basi, Bahati, ule kijana wa Rutshuru ninayelala naye chumba kimoja, alibebeshwa mifuko ya maharagi kupita kipimo. Kwenye muteremuko freni ya kuisimamisha ikakatika, mifuko yote ikamuangukia kwenye muguu. Tukaenda kwa patron, tajiri mwenye depo ya yale maharagi, amupeleke lopitali. Unajua alijibu nini? «Chukudu ni yake, muguu ni yake. Mimi yangu ni maharagi.»

Tukafanya greve! Nilipanda juu ya chukudu mbele ya wenzangu wa association, chama chetu cha watu wa chukudu, nikatoa hotuba na kifaransa changu chote: «Messieurs, bila chukudu hakuna Goma!» Walipiga makofi mupaka nikaogopa kushuka. Tukafunga kazi, tukaketi kwenye mulango wa depo kama wajomba wa bibi harusi wanaongojea mahari.

Kesho yake asubuhi tukaona maharagi inatoka. Inatembea! Ilikuwa juu ya migongo ya wamama wa kamba, wale wenye kubeba mizigo na kamba kwenye paji la uso. Tulikuwa tumewasahau, yaya. Watu tunaopiga kelele kila siku «mama, toka njia!», hakuna hata mumoja aliyewafikiria.

Wenzangu walianza kutukana. Mimi, kwa kuwa najua diplomasia, nikamufuata mukubwa wao, Mama Furaha, mwanamuke murefu wa Masisi.

«Mama, munatuvunjia greve.»

«Greve gani, Papa Saidi? Mulipokaa kikao, mulimuita nani kati yetu?»

«Hiyo ilikuwa mambo ya wanaume wa chukudu.»

«Haya, wanaume wa chukudu wafunge depo na midomo yao.»

Wamama walicheka mupaka mifuko ikatikisika. Mimi, mutu niliyebishana na askari wa mupaka wa nchi tatu, nikaacha diplomasia. Nikamwambia tu ukweli: Bahati yuko chini kwenye mukeka, muguu umevimba kama boga, unaanza kunuka.

Akasimama. «Bahati yule anayetusukumia mifuko kwenye mulima?»

«Yeye.»

Akavuta kamba. Mufuko ukaanguka katikati ya mulango, pu! Mwenzake akatua wake juu yake, na mwingine, na mwingine, mupaka patron mwenyewe akakosa pa kupita. Ndipo Mama Furaha akatugeukia: «Sasa na sisi tuko mu association. Na ile zamu ya mugonjwa itufikie.»

Zamu ya mugonjwa ni desturi yetu: mwenzako akiugua, unamufanyia safari ya kwanza ya asubuhi, pesa ya safari ile unamupa, na nyumba yake inakula. Muzee wetu mumoja akauliza: «Mwanamuke hana chukudu, tutamufanyia safari na nini?»

Mama Furaha akamujibu: «Na mugongo. Hamuna migongo?»

Yaya, tulikubali wote! Mbele ya swala ya adhuhuri patron akatoa gari yake mwenyewe, na Bahati akalazwa. Daktari alisema tulichelewa, lakini muguu unabaki. Ijumaa alikuja na fimbo kututembelea, akaanza kutukana freni zangu. Nilitoa machozi, nikasema ni vumbi.

Sasa mama mumoja wa kamba amezaa, na juma hili zamu ni yangu. Kamba kwenye paji, viazi mugongoni, watoto wa Ndosho nyuma yangu kama musafara wa prezida. Nilifika! Alinipita mutu mumoja tu, naye ni bibi kizee. Nilimupa mama wa mutoto yenye nilipata, nikaomba mutoto aitwe Saidi. Akasema ni binti. Nikamwambia jina zuri halichagui.

Usalimie mama, na shangazi muuza samaki pale bandari, na shemeji dereva (mwambie asiwabebeshe watu kupita kipimo), na Ramazani, mutoto wako wa mwisho.

Naacha hapa, shingo haigeuki, na alfajiri yule mama wa mutoto ananingojea.

Mudogo wako,
Saidi, mutu wa chukudu, na mugongo pia