Kahawa Tuliyoilima Bila Kuionja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeamka salama na lile goti limepunguza ukali. Mimi mzima, ila nina hasira, na nimeona nikuandikie kabla hazijapoa. Deo mdogo wangu, unapomsomea Mama, soma yote, usiruke.

Jumamosi nilipita dukani hapa Ujerumani nikaona pakiti ya kahawa imeandikwa Kagera. Sijui kama ni ya kwetu Ngara au ya Karagwe, lakini niliishika nikashindwa kuirudisha. Nikafika nyumbani, nikazimimina zile buni kwenye sufuria na maji, nikaziacha zichemke kama maharage. Bi Birgit, mwenye nyumba wangu, alipoingia jikoni alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Si uliniambia kwenu mnalima kahawa?"

"Tunalima," nikamjibu. "Hatunywi."

Alidhani namtania. Akanionyesha kuwa husagwa kwanza, akanisagia zilizobaki, huku akinisomea maneno ya kwenye pakiti: kilimo hai, haina kemikali, imechumwa kwa mkono, mkulima amelipwa kwa haki. Pembeni wameweka picha ya mama anayecheka, amevaa kitenge kipya kabisa. Nani anakwenda kuchuma kahawa na kitenge kipya? Wanasifu kukosa kemikali kana kwamba ulikaa kikao ukaamua. Mbolea yako ni samadi ya ng'ombe wa Baba Mdogo na nyasi ulizobeba kichwani, kwa sababu nyingine hatukuwa nayo. Na hiyo haki wanayoiandika sijawahi kuiona ikipanda njia ya kwetu Ntobeye.

Halafu nikainywa. Mama, ni tamu. Sikuweka sukari wala maziwa, na bado ni tamu. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukinichapa ukinikuta nafyonza zile buni nyekundu zilizoiva. Kutwa nzima nafukuza kuku kwenye jamvi la kuanikia kahawa, na jioni mgeni akija anapewa chai ya dukani. Kahawa ilikuwa ya kuuza tu, hata kuinusa tuliona kama wizi. Bi Birgit akasema, "Mama yako lazima anakunywa nzuri kuliko hii kila asubuhi." Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yangu.

Sasa Deo amenipigia simu kutoka Kabanga, ananiambia Baba anataka kung'oa mibuni yote apande mikaratusi, na wewe umenyamaza. Anasema kahawa haijatulisha. Ni kweli, haijatulisha, na siwezi kumbishia Baba kwa hilo. Lakini mtu anang'oaje kitu ambacho hajui hata ladha yake?

Nakuomba jambo moja. Pakiti sitatuma, kuwatumia kahawa watu wa Ngara ni matusi. Chukua kahawa iliyokauka, itwange kwenye kinu mpaka maganda yatoke, upepete. Kaanga kwenye chungu kikavu, kama Bi Birgit alivyonieleza, ukigeuza, mpaka iwe nyeusi na nyumba nzima inukie. Itwange tena, uichemshe, uiache itulie. Mpe Baba, usimwambie kitu mpaka amalize kikombe. Akishamaliza na bado anataka kung'oa, ang'oe, ni shamba lake.

Nisalimie Baba kwa heshima zote, hasira hizi usimfikishie zote. Msalimie shangazi wa Mbuba, Baba Mdogo na ng'ombe wake, na mama wa jumuiya anayekuja kukukanda goti. Wewe Deo, punguza maneno kwenye simu.

Na Mama, kikombe cha kwanza kisiwe cha Baba. Kiwe chako. Usinywe umesimama jikoni kama ulivyozoea. Kaa sebuleni, kwenye kiti cha wageni, unywe mpaka kiishe.

Ni mimi mwanao,
Editha