Msitu Haufagiwi

Jumatatu, 7 Oktoba

Punda wameleta samadi, mizigo minne. Mmoja umepasuka kwenye kichochoro cha msikiti. Nimefagia mwenyewe kabla watu hawajatoka adhuhuri, wasipate la kusema.

Jioni bustani ya wanyama ya Bwana Salim. Kobe nimewapa mkunazi wa kivuli na matango ya kutambaa, na matango wameshaanza kuyala kabla hayajashika. Tumbili wameing'oa migomba yote mitatu niliyowapandia Alhamisi. Wamekaa juu ya sanduku lao wananitazama kama mawifi. Sasa nitawaletea mkwaju mkubwa, wang'oe huo nione.

Limebaki banda la paa, yule swala mdogo wa msituni. Hilo ndilo Bwana Salim analolipigia kelele kila akija kutoka mjini Amu. Ataka lifanane na msitu wa bara, watoto wa skuli wakisimama pale wasione banda. Kalisema mara tatu. Mimi nilimsikia mara ya kwanza.

Miaka ishirini nauza miche hapa Siyu, sijawahi kuchagua miti kwa ajili ya mnyama. Mtu akija huniambia ataka embe au ataka kivuli. Mnyama hasemi. Lakini mti ni mti.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku nzima kwenye banda la paa.

Jina lake Kidawa. Athmani ndiye aliyempa jina hilo, na ndiye anayemtunza. Mtu wa Mkokoni, bara kule, maneno yake ya kuhesabu. Alimkuta karibu na kijiji chao, mama yake ameuawa na mbwa, naye hajaota hata meno vizuri. Akamfunga kwenye kikoi, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Bwana Salim alipowataka wote wawili, Athmani alikuja na paa mikononi na mfuko mmoja wa nguo. Huu mwaka wa tatu. Kidawa humfuata nyuma kama mtoto anayedai kitu.

Ua wa mbono nilioupanda masika umefunga vizuri. Nilichagua mbono mwenyewe, na sikufikiri hata kidogo. Miiba ingemchoma, waya ungeonekana. Mbono unakata fimbo, unachomeka, unasahau. Halafu mbuzi hawaugusi. Hilo Siyu nzima inalijua, ndiyo maana babu zetu waliuzungushia mashamba na makaburi. Kisicholiwa na mbuzi hakiliwi na kitu. Umeanza kuzaa tayari.

Ndani nimeweka vichaka viwili vya kujificha na mkunazi mmoja. Kilichoniudhi ni uwanja. Athmani huufagia kila alfajiri mpaka mchanga unabaki na mistari. Nimemwambia aache. Majani yaanguke yalale yalipoangukia. Kasita. Kasema, "Bi Esha, huyu hula kinachoanguka ntini."

Nikamjibu kwamba ndiyo maana nataka vianguke chini. Msitu haufagiwi.

Ameuweka ufagio ukutani. Nami nikarudi nyumbani nimeridhika, nalirudia neno langu njiani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Watoto wa skuli wamekuja, kelele tupu. Walipofika kwa Kidawa wakanyamaza. Alikuwa kichakani, sikio moja tu laonekana. Mtoto mmoja akauliza kama huyu ametoroka msituni au ameingia.

Bwana Salim kacheka hadi kilemba kikamlegea. Kaniambia mbele ya walimu kwamba mikono yangu ina baraka. Nimekataa kama mtu anavyotakiwa kukataa. Moyoni nilikubali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza, ndogo. Miche ya mpapai mia imeota, kumi imeoza.

Banda la paa sasa limejaa majani makavu. Zuri. Athmani amesimama mlangoni mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Kwa mtu aliyezoea kufagia, asubuhi ni ndefu.

Jumapili, 20 Oktoba

Athmani amekuja mpaka kwenye kitalu changu. Hajawahi. Kasema Kidawa hajala tangu jana na anaharisha. Nilikuwa na wateja. Nikamwambia huenda ni mabadiliko ya hewa, ampe maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo.

Kasimama kidogo, kisha kaondoka. Nikaendelea na wateja.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kidawa amelala chini. Macho yameingia ndani. Daktari wa mifugo yuko mbali, kasema kwa simu tumpe maji kidogo kidogo, na tutazame amekula nini. Athmani kasema Ijumaa kampa papai, labda lilikuwa limechachuka. Kalisema mara mbili, la papai. Kichwa cha paa kiko pajani mwake na kitambaa cha maji mkononi.

Nimewaacha hapo. Ningekaa ningefanya nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Kidawa amekufa saa tatu asubuhi.

Nilifika Athmani akiwa anachimba. Kakataa kusaidiwa. Kachimba kirefu kuliko haja. Nikazunguka banda ili nisimtazame, na chini ya ua wangu, katikati ya majani yangu mazuri, nikaona maganda ya mbono. Meusi, makavu, yamepasuliwa. Nikaokota moja. Lina alama za meno.

Nikaokota jingine. Nalo.

Mbuzi hali mbono kwa sababu mbuzi huchagua, ana kijiji kizima cha kuchagua. Paa huyu nilimfungia ndani ya ua mmoja, nikamzuia mtu aliyekuwa akimwondolea sumu kila alfajiri bila yeye kujua kuwa ni sumu. Huko msituni hula chini ya miti, tunda likidondoka, ua likidondoka. Niliambiwa. Kwa maneno manne niliambiwa.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa na meno ya utoto. Mimi niliambiwa bila kuuliza, na bado.

Maganda nimeyafunga kwenye ncha ya mtandio. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nataka kuandika hili sawasawa, kama lilivyokuwa.

Bwana Salim alifika na boti ya asubuhi. Aliingia bandani, akayatazama majani, akayapiga teke. Akauliza uwanja huu haujafagiwa tangu lini. Athmani kasema wiki mbili. Bwana Salim akasema basi mnyama amekula uchafu, na mtu aliyelipwa kuondoa uchafu alikuwa amekaa.

Nilikuwepo. Hatua nne kutoka kwao. Nikangoja Athmani aseme, "Bi Esha ndiye aliyenikataza." Angelisema, ningelikubali. Naapa ningelikubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulikubali.

Hakusema. Alitazama chini akasema, "Ni kweli, Bwana."

Mdomo wangu nikaufunga.

Ameambiwa aondoke. Bwana Salim akanigeukia kwa sauti ya upole kabisa, kanipa pole kwa kazi yangu iliyoharibiwa. Nikasema ahsante. Ahsante! Mungu anisamehe, nimesema ahsante.

Jumamosi, 26 Oktoba

Athmani ameondoka na mfuko uleule mmoja. Kapita mbele ya kitalu, kanisalimu. Nikamwitikia huku nimeinamia miche kana kwamba inakimbia.

Nina hasira naye. Kwa nini hakusema? Kaniachia mzigo wote, kaenda zake mwepesi. Nimeandika hivyo na nimeisoma na najua ni uongo. Nina hasira na mimi.

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Alikuwa hapahapa.

Jumapili, 27 Oktoba

Hakuna kazi iliyofanyika. Dada yangu Mwanaidi kaniuliza naumwa nini. Nimesema mgongo.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimemwambia Bwana Salim. Nilimkuta kwa kobe. Nikatoa maganda, nikamweleza yote: ua ni wangu, amri ya kutofagia ni yangu, Athmani alinionya.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa kuambiwa nisikanyage tena pale, na jina langu lizungushwe Siyu hadi Amu. Aliyageuza maganda kiganjani, akasema, "Basi, Bi Esha, ni kadari. Yameshapita." Na mtunzaji mwingine ameshapatikana, mtu wa hapahapa, asiyehitaji mahali pa kulala. Nikasema Athmani arudishwe. Kasema ataliangalia. Nawajua wenye kuliangalia.

Siku saba nimelinda jina langu. Na kumbe hakuna aliyekuwa analitaka.

Nimeng'oa mbono wote, kutoka pembe hadi pembe. Utomvu umenichafua kanzu, hautoki.

Alhamisi, 31 Oktoba

Niko Mkokoni. Boti mbili na kungoja kwingi, na bahari ilikuwa mbaya hadi nikatapika mbele ya watu nisiowajua. Nimefikia kwa shangazi yake Athmani, Bi Fatuma, ambaye hajaniuliza nimefuata nini. Kanipa chai ya tangawizi na mkeka. Athmani yuko shamba, atarudi kesho kabla ya swala ya Ijumaa.

Nimejipangia maneno. Yote yanaanza na "mimi sikujua". Nimeyafuta.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemwona.

Alirudi na kuni begani. Aliponiona alizitua, akasema, "Karibu, Bi. Ndoo ukae kivulini." Nikasema sijaja kukaa, nimesimama vizuri. Nikamwambia hapohapo, uani, Bi Fatuma anachambua mchele. Kwamba si papai. Kwamba ni mbono. Kwamba niliona maganda siku ileile, na siku ya Alhamisi nilisimama pale nimeyafunga kwenye mtandio, nikamwacha aitwe mzembe.

Akasema, "Nalizona. Nalimfungua kanwa nimpe mai, nikazona mbegu."

Alijua. Tangu Jumatatu, akimnywesha maji na kichwa cha paa pajani, alishaziona mbegu mdomoni. Ile hadithi ya papai aliisema kwa ajili yangu, daktari asikie papai.

Nikamuuliza kwa nini. Nilipiga kelele, naona aibu kuandika, nilimpigia kelele mtu niliyekuja kumwomba radhi.

Akasema, "Mimi ni mgeni Siyu. Mgeni akisemwa huondoka. Wewe ungaliondoka wende wapi?"

Jana kutapika, leo kulia, yote mbele ya watu. Bi Fatuma hakuinua uso kwenye ungo wake. Nikamwomba radhi. Athmani kasema amenisamehe, kwa adabu, kama mtu anavyorudisha salamu. Ningependa matusi. Tusi mtu hulibeba akaenda nalo nyumbani. Msamaha ule sikujua niushike wapi.

Nikamwambia arudi Siyu, nitasimama na Bwana Salim mpaka akubali. Akatikisa kichwa. "Ufagio naliuweka mimi, Bi. Nalijua hula ntini, na bado naliuweka. Siwezi kuingia pale tena."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilidhani nimebeba kosa peke yangu. Kumbe nimemwachia fungu lake, na lake halina wa kumwambia "yameshapita".

Baada ya swala nilikula kwake. Wali wa nazi na samaki. Kwa aibu nilikula sana.

Jumamosi, 2 Novemba

Kabla ya boti nilimuuliza Athmani swali nililopaswa kumuuliza mwezi wa nne, kabla ya kupanda ua. Paa wa huku hula nini?

Alitangulia, nikamfuata hadi ukingo wa msitu nyuma ya mashamba. Tukasimama. Juu tumbili wanakula na kutupa, kula na kutupa, watu wa hasara. Chini yake majani yamelala yamekwaruzwa kwaruzwa kwa kwato, na kokwa, na vipande vya matunda vyenye meno ya tumbili. Athmani akainama. Aliokota kimoja kimoja, akinitajia mti na kuninyooshea kidole juu. Majina mengine sijawahi kuyasikia, miaka ishirini ya kuuza miche. Nikayaandika nyuma ya daftari hili.

Akanijazia kiganja kokwa. Kisha akasema boti haingoji mtu.

Hatukuagana kwa maneno mengi. Alinibebea mfuko hadi majini, akarudi kabla boti haijaondoka.

Jumatano, 6 Novemba

Bwana Salim ataka banda la paa liwe la ndege. Kaniuliza nichague nini. Nimemjibu nitamwambia nikishajua ndege gani, na nikishakaa na atakayewatunza. Kashangaa. Zamani nilikuwa namjibu papo hapo.

Mtunzaji mpya ni kijana wa mtaa wa pili, Shee. Nilikaa naye asubuhi nzima. Hajui mengi. Lakini kasema tumbili mmoja huficha chakula chini ya mwamba kila siku ya jua kali. Miezi sita naingia mle, sikuwa nimeliona.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua tangu usiku. Kitalu kimelowa, wateja hakuna.

Zile kokwa nilizopewa nimezisia kwenye mifuko kumi na moja, nyuma, mbali na miche ya kuuza. Leo moja imechipua. Majani mawili, hata sijui ni mti upi kati ya ile aliyoitaja.

Miti ya msitu huchukua miaka hadi izae. Hii ikiangusha tunda lake la kwanza, mimi huenda nisiwepo, na bandani hamna wa kuliokota.

Nimeimwagilia, kisha nikakumbuka mvua inanyesha.