Mashimo Yabaki, Magari Yaondoke!

Duka la Barasa,
Lodwar, Turkana.
Tarehe 19 Februari, 1976

Mpendwa Senge Bilha, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Hujambo? Goti lako je, limepata nafuu? Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila joto la mwezi huu halina adabu. Hata maji ya mtungini ni vuguvugu.

Barua yako ya kuniambia nifunge duka nirudi Kimilili niliisoma mara mbili. Nimekusikia, Senge. Sirudi.

Ile Landrova yangu unaikumbuka. Staata ilikufa mwaka jana, kwa hiyo lazima ilale kwenye mteremko ili isukumwe iwake. Mteremko mtaani kwetu ni mmoja tu, mbele ya duka langu, nao umejaa mashimo ya mvua ya zamani na hakuna aliyeleta hata karai moja la kokoto. Naegesha gurudumu moja shimoni, jingine juu ya jiwe. Matairi nayafunika magunia yasipasuke. Mlango naufungua kwa kitambaa, la sivyo nibabuke mkono.

Na kivuli cha gari si changu! Mbuzi wa mtaa mzima hulala chini yake, na Mama Nakeno, anayesuka vikapu vya mkoma, huketi ubavuni tangu asubuhi. Kabla sijaondoka lazima nigonge bodi mara tatu, watoke. Mwezi uliopita nilisahau, nikamvunja mguu mwanambuzi wake. Alinifokea Kiturkana mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Nilimpa mbuzi mwingine. Kesho yake mama huyo akarudi kuketi palepale.

Sasa sikia vituko. Kuna mgeni mkubwa anakuja, na karani mmoja wa serikali akatuamuru tupeleke magari mchangani kando ya mto, ati mtaa upendeze. Mashimo yabaki, magari yaondoke! Kule mchangani gari halisukumiki, na bila gari duka halina unga. Nikamwambia, "Bwana, ziba shimo kwanza, halafu tuongee." Akaapa kwamba siku nitakayotoka na gari, pale patawekwa mapipa nisiegeshe tena.

Jumatatu ilinibidi kwenda Lokichar kuchukua unga. Nilirudi saa nane mchana nikijua nimeshindwa. Mapipa nikayaona, yamelazwa kando. Karani alikuwa barazani kwangu, amenuna. Na katikati ya jua, pale pale gari hukaa, alikuwa ameketi Mama Nakeno anasuka, midomo imemkauka. Hakuwa amenyanyuka tangu nilipoondoka, mapipa yakakosa pa kuwekwa.

"Wewe Barasa, nakawia sana," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Leta kivuli."

Senge, nililia kama mtoto, sioni haya kukuambia. Karani anasema atarudi na askari. Na aje.

Nisalimie Mjomba Wekesa, Jerusha na wanawe. Mungu akulinde na awanyeshee mvua ya kutosha. Kitanda mlichonitandikia mpeni mgeni mwingine.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Barasa